Jina ya Adèle ku nyuma ya gari

Adèle,

Maharagi iko ku moto, ongeza maji. Séphora apatie mbuzi majani akitoka ku masomo. Ufunguo ya dépôt, kule tunaweka viazi, iko chini ya redio.

Gari haiko mu parcelle, hapa ku nyumba, hapana itafute. Nimeirudisha asubui hii kwa commerçant, ule muuzaji wa magari mwenye alitupatia ku deni. Amenipa ingine, kadogo, kazee, mais kila mwezi tutalipa nusu ya ile tulikuwa tunalipa. Tangu batu banaogopa wenye bunduki ku barabara ya Kalunguta, ile kubwa ilikuwa inalala hapa tu na deni yake inatembea. Jana ulisema, "Ukiirudisha, hapana niambie." Donc naandika.

Commerçant alikatala kuipokea na jina yako ku nyuma. Eti hakuna mwanamuke wa Butembo atapanda gari ya bwana yake yenye jina ya mwanamuke mwingine. Akaita mufundi na rangi. Nikamwambia aache. Nilikwangua mimi mwenyewe na wembe, herufi moja moja, juu ni mimi niliandikisha jina ile siku padiri aliibariki. Mikono inauma mpaka sasa.

Ku hii ya sasa ~~nitaandika tena jina yako~~ sitaandika kitu mpaka useme. Nimeenda Vuhovi kuchukua viazi. Mangaribi ukisikia honi, toka uione, hata kama hautaki kuongea.

Ile A ya mwanzo ilikatala kutoka. Nilichoka, nikaiacha. Bibi ya ule atainunua, yeye naye aulize ni nani.

Baba Séphora