Mabuti ya Kaka, Miguu Yangu

Jumapili, 2 Juni

Hili sijamwambia mtu. Hata Mama. Hata rafiki yangu wa deski moja, ambaye namsimulia mpaka ndoto.

Mabuti ya Kaka navaa mimi.

Haya, nimeandika. Nimegeuka kuangalia mlango, utadhani nimeiba. Nilitaka kuandika kwa lugha ya shule, ili Kaka akilikuta daftari achoke njiani. Lakini lugha ya shule Baba anaijua kuliko sisi sote, na ninayemwogopa ni Baba. Basi Kiswahili, na daftari chini ya godoro.

Ni tangu Machi. Nikitoka shule Baba bado yuko karakana, Mama yuko kazini, Kaka ametoka na raba zake nyeupe. Navaa soksi mbili, nafunga kamba mpaka juu, natembea. Jikoni, uani, dukani kununua kiberiti tusichokihitaji, nyuma ya nyumba mpaka kwenye kokoto. Baba akirudi, mabuti yako stoo, yamefutwa vumbi, yametulia kama hayajui kitu.

Stoo za watu zina magunia. Yetu ina mabuti jozi sita na majaketi matatu. Ngozi tupu, soli za kushona kwa uzi, hakuna cha gundi. Baba anaokota mitumbani kitu kilichokwisha kufa, anakifufua kwa nta na brashi. Mama humwambia, wenzako wanafuga kuku. Baba humjibu, kuku harithiwi.

Haya ya Kaka hayakuwahi kuvaliwa na mtu. Yalilala ndani ya boksi miaka mingi kuliko umri wangu. Magumu kama mlango! Baba alimkabidhi Kaka akamwambia buti la kweli halivaliwi tu, linafugwa, miezi mitatu minne, mpaka likujue. Julai Kaka anaanza kazi karakana pamoja na Baba. Mabuti yakiwa yamefugika atapewa jaketi la Babu. Lile la kahawia ambalo hata kuliegemea haturuhusiwi.

Kaka aliyavaa siku mbili. Malengelenge! Akaja chumbani kwangu, mnyenyekevu ghafla. Eti, mdogo wangu, mguu wako si sawasawa na wangu? Nifugie basi.

Msichana mimi, mguu wangu ni namba arobaini na mbili. Shuleni wanauita mtumbwi. Nilikubali kwa sababu sijui kukataa. Wiki ya kwanza nilitoka damu kisigino. Wiki ya tano nilisahau kama nimevaa kitu. Sijawahi kusahau miguu yangu maishani.

Na leo ndiyo nimevurugika kabisa. Jumapili ni siku ya ukaguzi. Baba aliligeuza buti, akapitisha dole gumba kwenye kisigino.

"Unaona hapa? Kimelika kwa nje. Cha kushoto zaidi. Hivi ndivyo alivyokanyaga baba yangu. Ndivyo ninavyokanyaga mimi."

Sauti ilimbadilika. Akamshika Kaka bega. Kaka akaitikia, "Ndiyo, Baba," mguuni ana soksi nyeupe pee.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Nilitaka kucheka. Nilitaka kulia. Nikauliza nani anaongeza sukari.


Jumanne, 4 Juni

Kwa nini sikusema pale pale? Najiuliza tangu juzi.

Kwa sababu mwaka mzima Baba na Kaka walikuwa wanasalimiana tu. Kaka alisema anataka kuwa kinyozi. Baba akasema ukoo wetu haujawahi kuishi kwa vichwa vya watu. Basi. Wakawa wanapishana kwenye korido kama wapangaji. Yalipokuja mabuti wakaanza kukaa pamoja, Baba anamfundisha kupaka nta, wanacheka! Mama anasema nyumba imepoa. Jana nimemsikia anaimba bafuni.

Sasa mimi nifungue mdomo nivunje yote hayo kwa ajili ya kisigino?

Lakini nataka Baba ajue. Ajue nini hasa? Sijui. Nikianza kuifikiria sentensi nitakayomwambia, inaishia kwenye "Baba, mimi…" halafu giza.


Jumamosi, 8 Juni

Nimekoma!

Alhamisi mvua ilinikuta kwenye kokoto, mabuti yakalowa chapachapa. Nikaona akili ni kuyaanika juani juu ya ukuta. Ijumaa yote! Nimeishi na Baba miaka kumi na sita, nimesikia mara elfu kwamba ngozi na jua ni maadui — na bado nikaanika. Yakakauka kama samaki. Yanapiga kelele ukiyakunja.

Asubuhi nikayafunga kwenye khanga, mbio kwa fundi viatu. Watu wanamwita Mama Soli. Kibanda chake kiko nyuma ya posta, na Baba ni mteja wake wa siku nyingi. Hilo nililikumbuka nikiwa nimeshasimama mbele yake.

Akayanusa. Akanitazama.

"Ya nani haya?"

"Ya kaka yangu."

"Vaa."

"Mimi?"

"Hapana, huyo jini nyuma yako."

Nikavaa. Nikatembea hatua nne mpaka kwenye ndoo na kurudi. Mama Soli akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kaka yako, akasema, ana miguu mizuri.

Nilimsihi. Nilimwita mama, nilimwita shangazi, nadhani nilimwita na mwalimu. Akasema mdomo wake ameushona kwa uzi wa soli, nisiwe na wasiwasi. Ila akaniuliza unamfugia nani, na mimi nikamjibu si nimeshasema, Kaka.

Basi akaingiza mkono wangu ndani ya buti. Kule chini kabisa kuna mashimo. Vidole vitano, kisigino, na bonde moja refu. Mguu wangu, umechorwa gizani.

"Kiatu cha gundi ni gesti, mwanangu. Yeyote analala. Hiki ni nyumba. Kina mwenyewe. Kaka yako akiingia humu atakuwa mgeni mpaka atakapozeeka."

Ameyapaka mafuta mara tatu, yamelainika. Nimerudi nayo. Kumbe miezi mitatu nilidhani namsaidia Kaka, na kila hatua nilikuwa namfungia mlango!

Na jambo baya — nikiwa njiani nilifurahi. Kidogo. Kisha nikaona aibu. Kisha nikafurahi tena.


Jumapili, 9 Juni

Nimemwambia Kaka maneno ya Mama Soli kabla ya ukaguzi. Hakuamini. Akayavaa, akasimama, akakunja uso.

"Kuna mtu mle ndani!"

Nikamwambia ndiyo, ni mimi.

Akasema basi nitajikaza, wiki tatu zinatosha. Akasema usithubutu kumwambia Baba. Akasema tafadhali. Yote kwa pumzi moja.

Ukaguzi umepita salama. Baba amesema mikunjo ya vidoleni imekaa vizuri. Nimejificha jikoni nikasugua sufuria safi.


Jumapili, 16 Juni

Leo Baba alilitoa jaketi la Babu.

Hatukutegemea. Ilikuwa liwe Julai. Lakini ameingia sebuleni amelibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaliweka juu ya kiti. Linanuka nta na moshi na kitu kingine ambacho Mama anasema ni Babu mwenyewe. Kiwiko kimoja kina kiraka alichoshona Bibi.

Baba akamwambia Kaka avae mabuti, atembee mpaka getini na kurudi, halafu avae jaketi. Nataka nione, akasema. Anatabasamu! Mama naye ameshika simu tayari kwa picha.

Kaka akavaa. Akafunga kamba. Akatoka.

Mungu wangu, ule mwendo! Anapachika mguu kama anakanyaga mayai. Kwenda alijikaza, kurudi alishindwa, akachechemea. Na Kaka hukanyagia ndani, magoti yanabusiana, tangu mdogo tunamtania. Hakuna aliyewahi kulifikiria hilo. Leo nimemwona Baba analifikiria.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale mdomoni, macho yameshaondoka.

"Unaumia?"

"Hapana, Baba. Nimelalia mguu vibaya."

Baba akapiga goti, akamvua mwenyewe, kama zamani tukiwa wadogo. Akaona kidole gumba kimechubuka. Miezi mitatu, na malengelenge mapya! Akaingiza mkono ndani ya buti. Akaukalisha humo muda mrefu.

Nilisema kimoyomoyo: niulize mimi. Halafu nikasema: usiniulize.

Hakuuliza. Akalichukua jaketi akasema tutaona Jumapili ijayo. Mama akaiteremsha simu.


Jumatatu, 17 Juni

Jana jioni nimewasikia jikoni. Baba anamwambia Mama kwamba haelewi, buti limefugwa vizuri sana ila mtoto hatembei kama buti linavyosema. Labda mguu wake una ugonjwa, tumpeleke hospitali? Mama akamwambia mpeleke kwanza kwa kinyozi. Baba hakucheka.

Anadhani Kaka ni mgonjwa! Hata hajafikiria kwamba kuna watu wengine wenye miguu humu ndani.

Leo Kaka alikuja kukaa kitandani kwangu. Nilidhani amekuja kunitisha. Akasema hata hilo jaketi halitaki, linamwasha shingo. Wala karakana haitaki.

Nikamwambia sasa si umwambie ukweli, yaishe?

Akavuta uzi kwenye shuka langu kwa muda. Akasema ile Jumapili Baba alipomshika bega — hajawahi kumtazama vile. Hata mara moja. Anataka amtazame vile tena.

Hicho ndicho ninachokitaka mimi! Hicho hicho! Na yeye angalau ameshikwa bega, japo kwa miguu ya mtu mwingine.

Sikumwambia. Nilimpa mafuta ya kupaka kidole.

Nikisema, namnyang'anya. Nisiposema, namwachia kitu changu. Na nani mwizi hapa, mimi au yeye au Baba, ambaye hajawahi kuangalia chini nikipita? Hesabu za shule zina majibu nyuma ya kitabu.


Jumatano, 19 Juni

Niliapa sitayavaa tena. Kaka amebakiza siku nne kabla ya ukaguzi, na kila nikivaa nazidi kumharibia.

Nimeyavaa. Nilitaka mara moja tu, ya kuagana. Nyumba tupu, saa tisa. Nimetembea kwenye korido, kwenda, kurudi, kwenda, kurudi, kwa nguvu, bila kunyata. Sakafu inaitikia. Nilisimama wima. Huwa sisimami wima. Kisha nikaja kukaa hapa kitandani niandike jinsi

Geti.

Si Kaka. Kaka yuko mpirani. Si Mama, ni mapema mno.

Ni Baba! Anaongea peke yake huko sebuleni — umeme umekatika karakana, wamerudishwa. Naandika tu. Kwa nini naandika badala ya kufungua kamba? Matundu manane kila upande, fundo mara mbili.

Ananiita. Hapana — anamwita Kaka! Anasema kwa sauti kubwa, anacheka kabisa: "Kijana wangu! Hiyo ndiyo hatua! Nimesimama hapo nje ya geti nasikiliza. Nilidhani baba yangu amefufuka!"

Namsikia anavuka korido.

Amefungua chumba cha Kaka. Anauliza uko wapi.

Anakuja huku. Kishindo, kishindo, cha kushoto kizito zaidi. Kamba sijazigusa. Mkono hautaki kwenda chini, unataka kuandika, sijui ni woga au ni nini. Kitasa kinageuka. Daftari naliingiza chini ya godoro, lakini miguu