Mama, Timu Yako Ipo, na Baba Amejifukuza Mara Moja Tu

Mama, leo mwaka umetimia tangu ututoke. Tumekubaliana tusikuandikie maneno ya kuliza watu, maana hukuyapenda. Ulikuwa ukisoma matangazo kama haya gazetini, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, ukiguna, "Huyu naye! Kwani kila aliyekufa alikuwa malaika?" Haya basi. Wewe hukuwa malaika. Ulikuwa na mdomo, ulikoroma, na kiatu ulichomwahidi mteja Jumatatu kilitoka Alhamisi. Tulikupenda hivyohivyo.

Wasiokujua tuwaambie kwamba ulikuwa fundi viatu, kibanda chako kikiwa kati ya duka la dawa na kinyozi. Siku moja wasichana wawili walikuletea glavu ya ngozi iliyofumuka, kubwa kuliko uso wa mtu. Ukaigeuzageuza, ukauliza, "Hiki ni kiatu cha mnyama gani?" Wakakueleza kuwa ni ya softiboli, mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa fimbo, kisha anakimbia vituo vinne, ndizo besi, mpaka arudi alipoanzia. Ukaishona kwa uzi wa nta. Jumamosi ukaenda uwanja wa shule kuhakikisha mshono wako umeshika, ukakuta watoto kumi na wanne bila mtu mzima hata mmoja. Ulikwenda kuangalia glavu, ukarudi kocha. Wao ndio waliokubatiza Kocha Gundi, kwa jinsi vidole vyako vilivyokuwa vikinata gundi ya viatu.

Hukuwahi kuurusha mpira huo maishani mwako. Ulichofanya ni kuomba mwongozo wa makocha wa kujitolea, ukausoma kibandani wateja wakisubiri, kisha ukaandika wa kwako nyuma ya daftari la vipimo vya miguu. Kila mtoto aliyekuja lazima acheze. Mkono wa mrushaji ukiuma, anapumzika, hata kama tunafungwa. Kocha haondoki uwanjani mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe na mtu wake. Na lile lililoandikwa kwa wino mwekundu: anayemtukana mwamuzi anatoka, awe nani.

Wazazi nao uliwatungia ahadi ya kutia sahihi, na jamani, ulikuwa na mbinu zako. Mzazi akija kuchukua viatu vyake, unavishika. "Sahihi kwanza, viatu baadaye." Kuna daktari wa meno alisimama kibandani na soksi dakika kumi nzima akibishana. Alitia sahihi.

Sasa Baba. Mumeo ni mpiga mnada, na sauti yake imewahi kuwauzia makabati watu waliokuja kununua vijiko. Msimu wako wa kwanza alimwambia mwamuzi akanunue miwani. Ukainuka kutoka benchi mbele ya kadamnasi.

"Mzee, nje."

"Mimi?"

"Wewe. Wiki tatu."

"Mama watoto, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tutakula. Hapa unatoka."

Akatoka. Wiki hizo tatu alipanda kreti la soda nyuma ya ukuta wa shule, akachungulia kimya, nawe ukajifanya humwoni. Jioni ulimsimulia mchezo wote mwanzo mwisho, naye anaitikia "Ehee! Halafu?" kama vile hakuona kitu. Tulikuwa tunakimbilia jikoni kucheka.

Ulipoondoka, sauti ile ilikatika. Wiki sita Baba hakusema la maana zaidi ya "nimeshiba", na sahani imejaa. Kisha ikaja barua ya ligi. Timu yako ilikuwa imekosa michezo miwili; ikikosa wa tatu kwa sababu ya kutokuwa na mtu mzima benchini, itafutwa. Tulikaa sebuleni tukishauriana tuwaambieje wale watoto. Baba akainua kichwa.

"Nitawachukua mimi."

Kitinda mimba wako ndiye aliyejitoa mhanga. "Lakini Baba, wewe na waamuzi…"

"Timu ya mama yenu haitakufa mbele ya macho yangu."

Mazoezi yalikuwa kituko, Mama, ungevunjika mbavu. Mtoto akikosa mpira, Baba anahesabu kimnada: "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Nani anaongeza?" Wasichana walicheka mpaka wakaangusha fimbo. Lakini daftari lako alikuwa nalo mfukoni, na hakuna mtoto aliyesahauliwa nje hata siku moja.

Ukaja mchezo wenyewe. Mwamuzi alikuwa binti wa sekondari, siku yake ya kwanza, kofia inampwaya. Tumefungana, mmoja wa wasichana wetu anakuja mbio besi ya mwisho, vumbi linatimka, mguu wake unagusa, na binti anainua mkono: hakuwahi, ametoka. Sisi sote tuliona mguu umefika. Ile sauti iliyomtuma mwamuzi akanunue miwani ikaamka.

"Mwamuzi! Macho umeyaacha nyumbani na vyombo vichafu?"

Binti alivuta kofia chini ili tusimwone akilia. Watoto wote kumi na wanne waligeuka wakamtazama Baba. Walikuwa wanaijua sheria ya wino mwekundu.

Baba alishika mfuko wenye daftari. Alikwenda mpaka kwa binti, akavua kofia. "Nisamehe, mwanangu. Wewe umefanya kazi yako, mimi ndiye niliyekosa adabu." Halafu akageukia benchi, kwa sauti ndogo tusiyoijua. "Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kocha ametoka."

"Babu, ukitoka tunafutwa!" mrushaji akapiga kelele.

Alijua. Alisimama getini ameshika nguzo, nasi tulimwona anavyoteseka. Akibaki, timu yako inaishi na neno lako linakufa. Akitoka, ni kinyume chake. Akatoka.

Katibu wa ligi akauliza kama kuna mtu mzima mwingine aliyeandikishwa. Wazazi wakaanza kukagua kucha zao. Hapo binti yako wa kwanza akakumbuka zile ahadi zako, akazimwaga kutoka kwenye mkoba wako wa timu: karatasi sitini na moja za misimu yote. Katibu akasoma moja hadi chini kabisa, akasogeza miwani, akasoma tena kwa sauti: "Na siku nikihitajika, nitakaa benchi bila kisingizio." Akasema sahihi hiyo inatosha kuwa maandikisho. Loh! Mwandiko wako mdogo, Mama, mstari wa mwisho. Hakuna aliyewahi kuusoma, kila mtu alikuwa anataka viatu vyake. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na daktari wa meno ndiye aliyecheka kwa hasira zaidi.

Aliyeinuka ni fundi saa, baba wa mtoto wa besi ya pili, mtu asiyeongea hata akikanyagwa. Alikaa benchi, akaongoza mchezo mzima kwa kunyoosha kidole. Tulifungwa tisa kwa nane. Wasichana walishangilia mpaka timu iliyoshinda ikaja kuuliza kwani nani kashinda, maana hatukuwa tumefutwa.

Baba alijipa wiki tatu zilezile za sheria yako, bila kupunguza hata siku. Aliporudi, yule binti mwamuzi alimsogelea. "Babu, siku ile nilikosea kweli. Mguu ulifika."

"Hilo si langu kulisema," Baba akamjibu, akamkabidhi mpira. Siku hizi binti anaomba mwenyewe kupangiwa michezo yetu. Fundi saa naye amekuwa kocha msaidizi, na juzi alisema sentensi mbili mfululizo.

Sasa tukuambie lililotufanya tununue nafasi hii gazetini. Wiki iliyopita tulimsindikiza Baba kuandikisha timu kwa msimu mpya. Kwenye fomu kuna mahali pa kueleza kwa nini unajitolea. Mwaka jana aliandika maneno mawili, "Mke wangu", akasukuma karatasi. Safari hii alikaa na kalamu hadi katibu akaenda kunywa chai, akarudi. Tulichungulia begani mwake. Ameandika: "Watoto hawa wananifurahisha. Nataka nione wanafika wapi."

Hukutajwa popote, Mama. Naye aliliona hilo mwenyewe, akageuka, uso umemshuka kama mtoto aliyevunja kikombe. "Mama yenu atakasirika?"

Tulimkumbatia palepale, tukalia na kucheka mbele ya katibu wa watu. Tumemjibu kwa niaba yako. Tumemwambia umefurahi sana, na kwamba jioni asisahau kukusimulia.

Unakumbukwa na mumeo mpiga mnada, wanao watatu na wakwe zako, wajukuu zako wanne, mmoja wao tayari anaiba glavu za dada yake, dada yako mdogo anayekilinda kibanda, wasichana wako kumi na wanne, ambao sasa ni kumi na saba, fundi saa, na wateja wako wote, hata wenye viatu ambavyo havijakamilika.

Pumzika, Kocha Gundi. Hatutakusahau kamwe.