Kipanga wa Ukutani

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Funga mlango wa nyuma, mimi nimekwenda kusali.

Nilikuambia ndege yule anayetua ukutani, mdomo umepinda, kifua kina mistari, ni kipanga. Ukacheka: "Mama, huyo anakula viwavi tu, wewe endelea kuwamwagia njiwa mtama." Nikakuamini. Leo asubuhi nimekusikia dirishani, simu umeielekeza nje, ukimnong'oneza mkeo kando yako: "Tulia, kipanga anashuka sasa hivi." Kumbe ulijua. Akashuka kweli, akambeba njiwa niliyemwita mimi kwa mdomo wangu. Kwa ajili ya picha tu.

~~Usinisubiri.~~ Nitarudi mchana, Mungu akipenda.

Mtama nimeufungia kabatini. Njiwa wakija, wafukuze wewe. Mimi sina uso wa kuwafukuza.

Mama yako