Maswali ya Chembe Nyepesi

Nyambureti, Jumapili jioni

Bhoke amepiga simu. Binti yangu huyu yuko Ulaya, anapima chembe ya Higgs, ile wanayosema inahusika na uzito wa chembe nyingine. Wanagonganisha chembe nyingine, hiyo inatokea na kuvunjika papo hapo, nao wanasoma vipande ili wajue inashikamana na nani kwa nguvu gani.

"Kama sisi tunavyofuata nyayo za ng'ombe walioibwa," nikamwambia. "Mwizi mmemkamata?"

"Baba, hakuna mwizi."

"Sasa mnamkimbiza nani?"

Akacheka. Akasema chembe nzito inashikamana sana na hiyo ya Higgs, nyepesi kidogo tu. Nikamwambia hata hapa mwenye ng'ombe wengi ndiye anayesalimiwa mara mbili.

Halafu akasema polepole kwamba zile nyepesi bado hazijapimwa vizuri, kwa hiyo ameongezewa mkataba wa miaka miwili.

Nikaanza kumuuliza habari za hizo nyepesi, moja moja. Alifurahi kuona baba yake anapenda sayansi. Mimi darasa la nne sikumaliza. Nilitaka tu asikate simu, maana tangu mama yake afariki nyumba hii haina mtu wa kuongea naye.

Lini atarudi sikumuuliza. Jibu lake lingekuwa fupi.