Kiuno Ilitoboa Siri Yangu

Mwanabibi, leo nimejikamatisha mwenyewe.

Unajua nilimudanganya Citoyen Matata, mukubwa wa avenue yetu, kama mugongo inaniuma, asinipeleke kukata majani ku salongo, ile kazi ya bure ya avenue yote, siku ya posho, njo Jumamosi?

Sasa mwalimu Mwamerika wa masomo ya Mulungwishi alikuwa anafundisha vijana bezboli. Wanapiga na mikono tu, mupira inawapita. Anawaambia: “Zungusha kiuno kwanza, mikono itafuata.”

Miye nilikuwa napita pale, nikacheka. Si ni vile tunakataka majani na kupekupe, ile panga ya majani?

Wakanipa fimbo. Nikazungusha kiuno. Mupira ikaruka mpaka ku miguu ya Matata. Mwanabibi, Matata mwenyewe.

Akaniuliza: “Mama Dunia, na ile mugongo?”

“Mugongo njo iko mugonjwa, Citoyen. Kiuno iko muzima.”

“Basi siku ya posho kiuno ikuje. Mugongo ibakie ku nyumba.”