Vijidudu kwenye Kioo Kitupu

Katesh, Alhamisi. Baridi, na wingu limeukalia Mlima Hanang tangu asubuhi.

Leo nimekaguliwa na mtu asiye bosi wangu, na mpaka sasa nashangaa.

Wakaguzi wa wilaya nimewazoea. Wakifika hapa kituo cha afya hutazama rafu za dawa na sakafu kama imedekiwa, kisha tunakunywa chai. Tunafahamiana mno. Safari hii wizara imeomba wataalamu wa nje, wasio chini yake, ndio waseme kama maabara yangu inafaa. Tusipofaa, wagonjwa wa kifua wa Mogitu na Gehandu watapimwa Mbulu. Ni mbali. Wengi wataacha tu.

Aliyekuja ni Dada Foibe, mama mfupi, mpole. Sakafu hakuitazama. Alinipa vioo vilivyopakwa makohozi alivyokuja navyo, majibu yake anayajua yeye peke yake, akanitazama nikivitia rangi.

Kimoja nikamwambia kina vijidudu vya kifua kikuu.

"Hicho hakina," alisema.

"Njoo uone mwenyewe, dada."

Akainamia hadubini. Vilikuwepo, vyembamba, vyekundu. Nilidhani atakasirika, kumbe alifurahi. "Nipe kioo kipya, kisichopakwa kitu." Tukakitia rangi ileile, tukakisuuza kwa maji yaleyale ya tangi letu la mvua.

Kioo kitupu. Hakuna aliyekohoa juu yake.

Vijidudu vilikuwepo.

"Vinaishi kwenye tangi," alisema. "Si vya kifua kikuu, ila vinafanana navyo sana."

Papo hapo nikamfikiria Mzee Bura wa Gehandu. Anachomwa sindano kila siku kwa jibu lililotoka kwenye meza yangu. Amelazwa chumba cha peke yake, na mjukuu wake huishia mlangoni. Nilipomweleza Dada Foibe, alisema tumpime upya, tutumie maji safi aliyokuja nayo kwenye chupa.

Nilikwenda wodini mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia wazi kwamba huenda jibu la kwanza halikuwa sahihi.

"Kwa hiyo mtoto aingie?"

"Bado, mzee. Kwanza nikoholee kwenye kikopo hiki."

Akacheka mpaka kikohozi kikaja chenyewe.

Nilisoma kioo chake polepole, kisha Dada Foibe akasoma. Hatukuona kijidudu hata kimoja. Mganga wetu anasema tutarudia kesho asubuhi, na majibu yakiwa hayohayo, sindano zitasimama.

Maabara haijapita. Dada Foibe ameniambia bila kuficha: tusipime kifua kikuu mpaka tupate maji safi, na atarudi kutupima tena. Ajabu ni kwamba sikuumia. Nilitaka kumuuliza mambo mengi zaidi, lakini gari lake lilikuwa linamsubiri. Najiuliza ni vituo vingapi vinakinga maji ya mvua kama sisi, na nani huko amewahi kukitazama kioo kisicho na kitu.

Halafu kuna jambo jingine, nalo haliniachi.

Mzee Bura amekonda kweli. Jasho linamtoka usiku, na kikohozi chake nimekisikia leo kwa masikio yangu. Kama si kifua kikuu, anaumwa nini?