Kuitwa Peke Yako

Chebet, mwalimu wetu mdogo,

Chamgei, nakusalimu mjukuu wangu. Huku Kapkatet tuko salama. Mvua ya mawe ilipiga majani chai wiki jana lakini yanachipuka tena, na mama yako amepona kifua.

Umeniuliza kwa nini watoto wa darasa lako hulia ukiwaita mmoja mmoja, kila mtu apewe kazi yake. Hata mimi nililia.

Siku zetu tulikuwa tunaimba hesabu darasa zima, na asiyejua alijificha ndani ya sauti za wengine. Halafu akaja mwalimu mgeni na kadi zake za hesabu, kila mtoto na yake, akaniita mbele peke yangu. Sasa mimi nilikuwa nimemwona karani wa majani chai akikagua gunia letu: mazuri yanapimwa pamoja, mabaya yanatengwa pembeni, yanamwagwa. Nikajua ndio mimi nimetengwa. Nikabaki kwa dawati nikilia. Niliwaza tu nitamwambia mama nini nikifukuzwa.

Mwalimu aliniangalia kidogo, akabeba kiti chake mpaka kwa dawati langu, akaketi.

"Hii kadi ni yako," akasema. "Tuanze pale unapojua."

Tukaanza na mbili ongeza mbili.

Hadi leo jina langu likiitwa peke yake, hata pale hospitali, huwa nangoja liitwe mara ya pili ndipo niinuke. Kwa hivyo usiwaite mbele, Chebet. Beba kiti.

Ni mimi Kogo, nyanya yako anayekuombea.